Koko na Mndimu Uliofungwa Mawe

Juzi nilimkaripia kijana wa duka la manukato hapa Ibra, naye maskini hana kosa lolote. Alinipa kijiti chenye tone la mafuta ninuse, akasema ni ya maua ya langilangi halisi ya Komoro, harufu ya mabibi wenye nasaba zao. Nikamwambia kwa sauti iliyowageuza watu mlangoni, "Unajua nani anayeichuma?" Binti yangu alinishika mkono akanitoa nje. Garini akaniuliza nina nini, nikamjibu sina kitu. Uongo mtupu. Nina kitu hiki kinanikereketa tangu nikiwa na miaka minane, na leo nina wajukuu.

Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka nyumba zile. Wazee wetu waliporudi huku Oman, kila mmoja alirudi na sanduku moja na habari za mali aliyoiacha. Nani aliyewahi kusikia mtu aliyerudi kutoka Unguja au Bujumbura akasema kwao alikuwa kibarua? Wote walikuwa na mashamba. Baba yangu naye alikuwa na lake. Si la Unguja, maana Unguja alipelekwa mdogo kwa shangazi yake asome, na huko ndiko alikomuoa mama. Shamba lake lilikuwa Nzwani, kisiwa kimoja katika visiwa vya Komoro, alikozaliwa zama hizo Wafaransa bado wanatawala. Alikuwa akisimulia sablani, chumba cha wanaume cha kupokelea wageni, kwamba marehemu babu yangu, Mwarabu wa hapa hapa Ibra, alikuwa na mlima mzima wa milangilangi na mitungi ya shaba ya kukamulia mafuta. Mfaransa mwenyewe, alisema baba, alikuwa akija kwa adabu kununua kwake.

Aliyekuwa akisikiliza kwa makini kuliko wote ni ndugu wa babu, ambaye sote, wakubwa kwa wadogo, tulimwita Ami. Yeye hakuwahi kutoka Oman. Nyumba tuliyokaa ilikuwa yake, ndani ya ua wake, na maji ya falaji, mfereji wa mji, yaliyopita bustanini yalikuwa zamu yake. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya shekhe kushuhudia kwamba baba ni damu yao, na bila ya ushahidi ule baba asingepata karatasi wala kazi ya ukarani serikalini. Kila baba akimaliza hadithi ya shamba, Ami alitikisa kichwa akasema, "Mashallah. Ndugu yangu hakupotea bure."

Basi Wafaransa walipoondoka Nzwani, baba akaagiza mama yake aletwe. Mimi nilikuwa sijapata kumwona. Tulifundishwa tumwite Koko, ndivyo wanavyoitwa mabibi kwao. Nilimngoja kama watoto wanavyoingoja sikukuu. Katika kichwa changu angeshuka na mikufu, na harufu yake ingemtangulia tangu barabarani. Nilikuwa nimeshamtangazia Salma, binti wa Ami, rika langu na mshindani wangu kwa kila jambo.

Akashuka kizee kimoja chembamba, kajitanda shiromani, shuka lao jekundu, limepauka. Nikaenda kumwamkia, "Shikamoo, Koko." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akanivuta kifuani. Nikanusa. Mafuta ya karafuu na moshi wa kuni. Karafuu alikuwa akijichulia bega la kulia, maana mkono ule haukupanda kupita kifua. Na viganja vyake vilikuwa vigumu, vimechanika kwenye ncha za vidole. Nilikasirika kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikajiambia amekuja na nguo za safari, mikufu imo sandukuni. Nikalipekua sanduku akiwa msalani, nikakuta leso tatu, tasbihi na kikapu kitupu.

Nikamwandama kwa maswali. Nyumba yenu ilikuwa na vyumba vingapi? Mfaransa alikuwa akikuamkia vipi? Koko alikuwa akinitazama, halafu akitazama mlango wa sabla, akisema, "Muulize babako, yeye ndiye ajuaye kusimulia." Basi. Hakuna zaidi. Mpaka leo nikiikumbuka kauli ile naona hasira, kwa kuwa ilikuwa na kila kitu ndani yake na mimi sikuokota hata kimoja.

Uani palikuwa na mndimu mmoja mrefu, wa Ami, ambao hakuna aliyeushughulikia. Ndimu zake zilikaukia juu, na mama alipotaka chache za kukausha kwa mchuzi ilimbidi angoje mwanamume mwenye ngazi. Koko alikaa wiki mbili akiutazama. Asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri akachukua panga, akapanda juu ya pipa, na kwa mkono wake wa kushoto akaukata kilele. Kisha akaanza kuyainamisha matawi. Kila tawi alilivuta chini polepole, akalifunga kwa kamba ya mtende, na mwisho wa kamba akaning'iniza jiwe la wadi, ule mto mkavu. Kila siku tawi moja au mawili. Baada ya muda mti ulikuwa umekaa chini, mpana, umejikunja vifundo vifundo, na mawe yanabembea.

Na kila alipokuwa akifunga, alitaja jina. Nilijificha nyuma ya birika la maji nikamsikia kwa masikio yangu. Kamba ya kwanza, "Echati." Ya pili, "Mariama." Kisha Sitti, Zalihata, Mwanaecha. Tawi moja nene lilimsumbua siku mbili, likikata kamba na kurudi juu, na lilipokubali kuinama alilipapasa akasema, "Haya, Zuwena. Umetulia."

Zuwena lilikuwa pia jina la mke wa Ami.

Siku chache baadaye tulikuwa tunatoka chuoni kusoma Kurani, mimi na Salma na wasichana wengine wawili. Salma akasema mbele yao, kwa Kiarabu chao kile cha haraka ambacho mimi bado nilikuwa nakikimbilia nyuma, kwamba mama yake amesema mikono ya Koko si mikono ya mwenye shamba. Ni mikono ya mtumwa. Wakacheka. Nilitafuta neno la kumnyamazisha. Ningekuwa na akili ningenyamaza mimi. Lakini nilikuwa mtoto, na nilikuwa nimechoka na kizee kile kisichokuwa na mikufu. Nikasema, "Mikono ile ndiyo yenye nguvu. Hujui weye. Anafunga watu kwenye mti. Kila fundo na jina lake. Hata mamako yumo."

Wakanyamaza kweli. Nikarudi nyumbani nimeshinda.

Kuna jambo sikulijua, na nani angemwambia mtoto? Mama yake Salma alikuwa ameharibu mimba mara mbili, ya pili wakati uleule Koko alipokuwa akifunga mti. Na nyinyi mnaijua nchi yetu hii. Watu wa mikoa ya Dakhiliya na Sharqiya wanaweza kugombana juu ya kila kitu, lakini ukiwaonyesha kamba yenye fundo na jina la mtu, hakuna atakayekuuliza mara ya pili. Siku ile ile kabla ya magharibi, wanawake watatu walikuja uani kuutazama mti, wakasimama mbali, wakajifunika pua kwa shela zao.

Kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, Koko aliitwa sablani. Kulikuwa na Ami, baba, na mzee mmoja msomaji, wa kuwasomea waliorogwa, aliyeletwa kutoka mji wa Mudhaibi. Mimi nilitakiwa nishuhudie niliyoyasikia, nikasimama mlangoni nimeshika ukingo wa leso ya mama. Kahawa ilimiminwa na hakuna aliyeinywa.

Ami hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa shida, lakini lazima lisemwe. Aliuliza kwa upole, kwa Kiarabu, na baba akamfasiria Koko kwa Kiswahili. "Mama, Ami anauliza kwa nini umeufunga mti."

"Ushuke," akasema Koko.

"Ushuke kwa nini?"

"Ili mtu achume bila kunyoosha mkono."

Msomaji wa Mudhaibi akauliza nani aliyemfundisha kazi ile, maana yeye tangu azaliwe hajaona mti ukifungwa mawe. Baba alilifasiri swali lile. Nakumbuka alilifasiri neno kwa neno, kisha akainamisha uso akawa anatazama vidole vya miguu yake. Koko alimtazama mwanawe. Alimtazama muda mrefu sana. Mimi nilidhani amesahau swali.

"Nimejifunza tu," akasema.

"Na majina? Zuwena ni nani?"

Akamtazama tena baba. Safari hii hata mimi niliona kwamba anamngoja aseme kitu. Baba alikuwa na kinywa, alikuwa na Kiarabu, alikuwa na heshima mbele ya watu wale. Hakusema. Koko akajivuta shiromani lake kichwani, akasema, "Nimefunga mti. Mkitaka ufungueni."

Nikaulizwa mimi kama nimeyasikia majina. Nikasema ndiyo. Nikaulizwa kama Koko aliniambia ni ya nani. Nikasema sijui.

Ikakatwa shauri kwamba haifai akae ua mmoja na mke wa Ami. Hawakumtukana, hawakumpiga, hata waligharimia safari. Alipelekwa Sur, mji wa pwani, kwa jamaa zake wa mbali waliokuwa na asili ya Nzwani. Asubuhi ya kuondoka baba alitoka mapema kwenda kazini, ingawa ilikuwa siku ambayo ofisi hufunguliwa kwa kuchelewa. Koko akanibusu kipaji, nami nilikuwa nimekaza shingo, maana nilikuwa naamini kabisa kwamba ni mchawi. Akaniambia, "Usimwonee uchungu babako. Ana watu wa kuishi nao." Gari ikaondoka. Alasiri vibarua wa Ami wakaja na mashoka, wakaung'oa mndimu na mizizi yake.

Mwaka uliofuata mke wa Ami akazaa mtoto wa kiume, Khalfan, mzima wa afya. Watu wakatazamana, wakasema, mnaona?

Niliamini hivyo kwa miaka kumi. Kumi! Nilipofika umri wa kujiona mkubwa nilikwenda Sur na wanafunzi wenzangu, nikamtafuta Koko kwa kile nilichokiita msamaha, yaani mimi nimsamehe yeye. Nikamkuta chumba cha nyuma, amepofuka jicho moja, na nje ya mlango wake mkomamanga umeinamishwa kwa mawe. Hakuna aliyemsumbua. Watu wa Sur wamesafiri sana, wameona mengi. Nikamuuliza, na siku ile akanijibu kama mtu anayeeleza namna ya kupika wali.

Shamba lilikuwa la Kumpania ya Mfaransa. Kabla ya hapo mlima ule ulikuwa wa vijiji, na ukoo wa Koko ulikuwa na kipande chake cha muhogo na minazi. Siku moja ikaja karatasi, imeandikwa kwa lugha ambayo hakuna mtu kijijini aliyeijua, na karatasi ikasema mlima ni wa Kumpania tangu zamani. Watu wakabakiwa na ukanda mwembamba baina ya milangilangi na majabali. Mwenye kutaka kulima hata shimo moja la muhogo, sharti mkewe na binti zake wamchumie Mfaransa. "Tulikuwa vibarua katika ardhi yetu wenyewe," alisema Koko, "na tulikuwa tukiomba ruhusa ya kupita."

Mlangilangi ukiachwa hupanda mbinguni. Kwa hiyo hukatwa kilele, matawi hufungwa chini, mpaka mti mzima unakuwa kimo cha mwanamke. Wanatoka kabla jua halijachomoza, wanachuma maua ya manjano yaliyoiva tu. Ukikutwa na ua bichi kikapuni, msimamizi anakimwaga kikapu chote chini mbele ya wenzako. Kila mwanamke na miti yake, na miti huitwa kwa jina la mchumaji. Huu wa Echati, huu wa Mariama. Akifa, jina linabaki kwenye mti. Bega lake liliharibika huko, kwa miaka ya kuvuta matawi ya miti ambayo haijafundishwa bado. Na babu yangu, yule mwenye mitungi ya shaba? Alikuwa na kibanda cha kuuza chumvi na vibiriti kando ya njia ya wachumaji. Mtu mwema, alisema Koko. Alikufa mapema.

"Sasa kwa nini hukusema?" nikamuuliza. Nilikuwa karibu kupiga kelele. "Neno moja tu, Koko! Ungesema ulikuwa mchumaji, ndiyo kazi yako, yangekwisha."

"Na babako angekuwa nani siku ya pili yake?" akasema. Kisha akataka nimsogezee maji ya udhu.

Alikufa kabla sijarudi tena. Mimi nikaolewa, nikapata kazi ya serikali, nikazaa, na nikayanyamazia haya miaka yote. Sikuwa na haja ya kumwaibisha baba. Ndivyo nilivyojiambia. Na kila sikukuu nilikaa nikimsikiliza akiwasimulia watoto wangu kuhusu mlima wa babu yao, na mitungi inazidi wingi kila mwaka, na Mfaransa anazidi adabu. Walipoanza shule wakaandika insha juu yake. Mmoja alipewa zawadi.

Baada ya ile siku ya duka la manukato, nilikwenda moja kwa moja kwa baba. Sasa ni mzee sana, hatoki, lakini akili yake iko sawa. Nilimkuta peke yake na redio yake. Sikukaa hata kitako. Nikamwambia, "Baba, mimi najua tangu zamani. Koko alikuwa mchumaji. Yale yalikuwa majina ya wenzake."

Akaizima redio. Nilitegemea akatae. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi, na nadhani nilikuwa nautaka. Yeye akafumba macho akaanza kuyataja, kwa mpango uleule, kama anapita baina ya miti: Echati, Mariama, Sitti, Zalihata, Mwanaecha. Alipofika kwa Zuwena akasimama.

"Zuwena ni mamangu wa kunyonya," akasema. "Mamangu aliugua homa aliponizaa, maziwa yakakatika. Zuwena alikuwa na mtoto mchanga. Alininyonyesha chini ya mti wake miezi sita."

Nikakaa kitako sasa. Yaani siku ile sablani, msomaji wa Mudhaibi alipouliza Zuwena ni nani, kulikuwa na mtu mmoja tu chumbani ambaye damu yake ilijengwa na maziwa ya huyo Zuwena, na mtu huyo alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Mchumaji aliyemwokoa yeye ndiye aliyetumika kumfukuzia mama yake. Nami nilikuwa mlangoni nimeshika leso, nikisema sijui.

"Ulishindwa nini, baba?"

"Ningesema mama wa kunyonya, wangeuliza mke wa nani. Ningesema kibarua wa Mfaransa. Wangeuliza na mama yako je." Akafuta mdomo kwa kiganja. "Ami alikuwa ameshasimama kwa shekhe kwa ajili yangu. Kwa ajili ya mwana wa mwenye shamba."

Nilimwonea huruma na nilitamani kumtikisa mabega, vyote kwa pamoja, na hakuna kilichozidi mwenzake.

Ndipo akaingia Khalfan, mtoto yule wa Ami aliyezaliwa baada ya mti kung'olewa. Sasa ni mtu mzima mwenye mvi, humletea baba halua na maziwa kila wiki kama mwanawe. Kiswahili alikiokota kwetu tangu mdogo, ingawa anakivunjavunja. Akatuamkia, akatuona nyuso zetu, akauliza, "Kher? Nyie munazungumza nini?"

"Mambo ya kule," akasema baba upesi. "Shamba letu."

"Si shamba letu," nikasema. Nilikuwa na hasira, na nyingi ilikuwa juu yangu mimi. Nikamwambia Khalfan yote, wima, bila kupamba. Kumpania, miti iliyofungwa, majina ya wachumaji, na Zuwena aliyemnyonyesha baba. Nikamwambia kwa nini Koko alipelekwa Sur. Baba hakunikataza. Alikuwa ameshika redio yake kwa mikono miwili.

Khalfan alisikiliza mpaka mwisho, na bakuli la halua bado liko mkononi. Habari za yule bibi mchawi alikuwa amezisikia tangu utotoni, kwa mama yake mwenyewe. Akamtazama baba, kisha akanitazama mimi.

"Lakini marehemu baba yangu, yeye alikuwa na mama wa kunyonya huko Bidiya, mke wa mchunga mbuzi," akasema. "Kila Idi alikuwa akimpelekea nguo. Wallahi angemrudisha bibi yenu siku ile ile, angekwenda yeye mwenyewe kumchukua. Mbona hamkusema?"

Baba akanigeukia. Alinitazama kama Koko alivyomtazama yeye sablani, akingoja niseme kitu.